Buluu ya Shaba: Mali ni Jiwe au ni Neno?

Kwetu pwani ilikuwa nadra kupata nyumba ya kizamani isiyoujua mrututu. Ni zile punje za buluu kali zilizofungwa katika kitambaa na kuwekwa juu ya kabati, mbali na mikono ya watoto, zikingojea donda sugu lisilosikia dawa. Siku hizi hospitali zina dawa bora zaidi, na mrututu ni sumu usiofaa kuchezewa. Nautaja kwa kuwa ndio mlango mwepesi wa kuingilia katika habari ninayotaka tuizungumze leo, nayo ni habari ya mawe ya buluu yatokanayo na shaba, watu wanaoyanunua kwa fedha nyingi, na sisi ambao ardhi yetu imeyazaa.

Mrututu ni chumvi ya shaba. Shaba yenyewe ni nyekundu, kama tuijuavyo katika masufuria ya arusi na madele ya kahawa. Lakini ikilala ardhini karne kwa karne, ikakutana na maji, hewa na tindikali, hubadilika rangi ikawa kijani au buluu. Sisi tuliosoma chuoni tulikutana nayo mapema. Katika Suratul Kahf tunasoma jinsi Dhul-Qarnayn alivyomimina shaba iliyoyeyuka juu ya chuma alipojenga ule ukuta, na katika Surat Saba tunasoma chemchemi ya shaba aliyotiririshiwa Nabii Suleiman. Ni madini yenye heshima ya kale.

Sasa wako watu duniani, hasa Ulaya, Marekani na Asia, ambao hawaitaki shaba kwa waya wala kwa sufuria. Wanalitaka jiwe lenyewe kama lilivyotoka ardhini, walitie katika sanduku la kioo na kulitazama. Kila mwezi wa Februari wanakusanyika mjini Tucson, Arizona, katika soko ambalo mizizi yake ni maonyesho yaliyoanza mwaka 1955. Wengine hukutana Munich, Ujerumani. Wanaponunua jiwe la buluu huliita kwa jina lake: azuraiti, ambayo wachoraji wa Ulaya wa zamani waliisaga wakaifanya rangi ya mbingu, au nyinginezo zilizo adimu zaidi, ambazo hazipatikani ila mahali pachache mno katika ulimwengu.

Na hapa ndipo habari inapotuhusu, kwani baadhi ya hizo adimu kabisa zilijulikana kwa mara ya kwanza katika nchi inayosema Kiswahili. Kornetaiti, yenye buluu iliyokolea kama nili, ilielezwa na wataalamu zaidi ya miaka 100 iliyopita kutoka mgodi wa Étoile karibu na Lubumbashi, Katanga. Butgenbakaiti, yenye nyuzi nyembamba za buluu mithili ya sindano, ilielezwa mwaka 1925 kutoka Likasi, Katanga hiyohiyo. Likasaiti ilifuata mwaka 1955, nayo ikachukua jina la mahali ilipotoka.

Katanga si ugenini kwetu. Msiri, aliyeitawala nchi ile hadi alipouawa Desemba 1891, alikuwa mtu wa asili ya Unyamwezi aliyefuata njia ya biashara ya shaba na pembe, na njia hiyo iliishia kwenye bandari zetu. Kutoka mwanzo wa miaka ya 1970 hadi 1997 mkoa mzima wa Katanga uliitwa Shaba, kwa neno letu la Kiswahili. Hata leo ukienda Lubumbashi utasikia Kiswahili sokoni, mgodini na nyumbani.

Mtu ataniuliza: mbona basi nazungumza habari ya Katanga ilhali safari yangu ya juzi ilikuwa ya Thika na Ruiru? Huko kuna mashimo ya mawe ya kujengea, viwanda na mashamba, lakini hakuna mgodi wa shaba. Ni kweli. Lakini nchi ile nayo iliijua buluu hii kwa miaka mingi, na iliijua kwa jasho.

Mwaka 1885 mtaalamu wa Kifaransa aitwaye Millardet alitangaza dawa ya mizabibu. Alikuwa ameona kuwa wakulima wa upande wa Bordeaux waliopaka mrututu na chokaa kwenye mizabibu ya kando ya barabara, ili wapita njia wasiibe zabibu, walikuwa wameiokoa mizabibu hiyo na ugonjwa wa ukungu bila ya kukusudia. Dawa hiyo na ndugu zake zikaenea ulimwenguni, zikafika na kwa mkulima wa kahawa wa Kenya, ambaye aliandamwa na maadui wawili: kutu ya majani, na ule ugonjwa unaozioza punje zikiwa bado mbichi mtini, wanaouita chulebuni. Chulebuni ulitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani hapa Kenya, mwaka 1922. Basi mashamba ya Kiambu na Murang'a, Ruiru na Thika zikiwamo, yakanyunyiziwa dawa za shaba msimu baada ya msimu, na vibarua wakarudi nyumbani jioni nguo zikiwa na madoa ya buluu.

Mtoto wa ndugu yangu anasoma chuo kimoja huko Thika. Nilipomtembelea nilikuta juu ya dirisha la chumba chake mtungi wa kioo wenye maji ya buluu, na ndani yake umening'inia uzi, na kwenye uzi jiwe la buluu lenye nyuso laini na pembe kali, kana kwamba limechongwa na sonara. Nikamwuliza ni nini.

"Ami, ni mrututu tu," akasema. "Umeyeyushwa kwa maji ya moto, ukaachwa upoe polepole. Kila siku jiwe linanenepa."

Tukaenda pamoja katika duka la pembejeo alikoununua. Muuzaji, kijana mchangamfu, akaniuliza, "Mzee, unataka wa mimea ama wa kuosha kwato za ng'ombe?" Akanipimia mfuko mdogo kwa bei isiyomshinda mtoto wa shule.

Tulipokuwa tukirudi, kijana wangu akanieleza lililokuwa moyoni mwake. Alikuwa amepata katika simu mtu wa nchi za mbali anayenunua mawe ya buluu. Mtu huyo alikuwa tayari kulipa vizuri, mradi aandikiwe kuwa jiwe ni la asili na limetoka mgodini Kongo. "Ami," akasema, "ubaya uko wapi? Ni shaba ileile na buluu ileile. Hata kwa mizani ya maabara ni kitu kimoja. Tena ada ya muhula huu bado."

Swali hilo si la kipuuzi, na sikutaka kulijibu kwa kumkaripia. Alisema kweli kwa upande mmoja. Mrututu huo unapatikana pia ardhini kama jiwe la asili, ijapokuwa kwa shida, kwani huyeyuka kwa mvua, na hewa ikikauka sana hupasuka ukawa unga. Hudumu mahali pakavu kabisa, kama jangwa la kaskazini mwa Chile. Lile la ardhini na lile la mtungini ni dutu moja. Ndiyo maana soko la mawe limejaa fuwele kubwa nzuri za mrututu zilizokuzwa vyumbani zikauzwa kama za mgodini, na wanunuzi wazoefu wakiona kubwa na safi mno huanza kushuku.

Sasa tupime. Ikiwa vitu viwili ni sawa kwa rangi, kwa umbo na kwa dutu, na kimoja kikauzwa kwa bei ya chumvi na cha pili kwa bei ya dhahabu, basi tofauti ya bei haiko katika kitu. Iko katika neno linaloandamana na kitu. Mkusanyaji anaponunua kornetaiti ya Étoile ananunua ushahidi: kwamba jiwe hili lililala mahali fulani, likatolewa mwaka fulani na mkono wa fulani, na watu waaminifu wakapokezana habari hiyo hadi ikamfikia. Kijikaratasi kidogo cha zamani chenye mwandiko uliofifia huweza kulipandisha jiwe bei, na jiwe lililopoteza kijikaratasi chake hushuka hata kama linang'ara.

Sisi Waislamu jambo hili halitupi taabu kulifahamu. Elimu nzima ya Hadithi imesimama juu ya msingi huo: fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani. Neno zuri lisilo na isnadi halichukuliwi kwa uzuri wake. Na katika biashara tunaijua habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono wake katika rundo la nafaka, akakuta juu pakavu na chini pamelowa, akamkemea mwenye mali kwa kuficha. Nafaka ile ilikuwa nafaka kweli. Kosa lilikuwa katika kuficha hali yake. Hivyo ndivyo nilivyomwambia kijana wangu: jiwe lako ni halali, na kulikuza ni elimu, na kuliuza si haramu. Andika kwamba ni mrututu uliokuzwa Thika, uchukue bei yake. Ukiandika Kongo, hutakuwa umeuza jiwe. Utakuwa umeuza ushahidi wa uongo. Alinyamaza, na haya ya ada yakabaki kuwa mzigo wa ukoo mzima, kama inavyopasa.

Lakini haki haiwi haki ikimwendea mnyonge peke yake. Tukimkanya mtoto wa Thika asiliandikie jiwe habari ya uongo, hatuna budi kuuliza pia ni nani aliyeandika habari za kweli, na habari hizo ziko wapi.

Tazama majina yenyewe. Kornetaiti imeitwa kwa Jules Cornet, Mbelgiji aliyeingia Katanga na msafara wa 1891 hadi 1893, wakati uleule ufalme wa Msiri ulipoanguka. Butgenbakaiti imeitwa kwa Henri Buttgenbach, Mbelgiji mwingine. Walikuwa wataalamu wa kweli na kazi yao haina shaka. Lakini watu wa Katanga walikuwa wakichimba na kuyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Cornet kuzaliwa, wakaifua kuwa misalaba iliyotumika kama fedha, na walijua kuwa penye mawe ya kijani na buluu chini yake pana shaba. Ujuzi wao ndio uliowaongoza wageni hadi kwenye vilima. Katika kijikaratasi haumo. Kichekesho ni kwamba mwaka 1955 lilipopewa jiwe jina la likasaiti, mji wa Likasi wenyewe rasmi uliitwa Jadotville. Jiwe lilipata haki ya jina la kwao kabla ya mji.

Na hizo karatasi, yaani ramani, madaftari ya wapimaji na hesabu za mashimo yaliyochimbwa enzi ya ukoloni, nyingi zimehifadhiwa Tervuren, nje kidogo ya Brussels, katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Kwa miaka mingi watu waliziona kama mambo ya kale. Leo sivyo. Dunia inataka shaba kwa nyaya za umeme na magari ya umeme. Mwezi wa Mei 2024 bei yake ilivuka dola 10,000 kwa tani. Kongo imeipita Peru, ikawa nchi ya pili kwa kutoa shaba baada ya Chile. Mwezi wa Julai 2025 serikali ya Kongo ilitia saini makubaliano na kampuni ya Marekani iitwayo KoBold Metals, na miongoni mwa yaliyotajwa humo ni kuzitia kumbukumbu za Tervuren katika kompyuta. Angalia, msomaji: kampuni ya kutafuta madini, yenye vyombo vya kisasa, inazitamani karatasi za watu waliokwisha kufa. Kwa nini? Kwa sababu karatasi hizo zinasema ni wapi palipochimbwa na ni nini kilichoonekana. Neno limegeuka mali, na aliyeliandika na kulitunza ndiye anayebishiwa hodi.

Wala tusidhani kwamba sisi wa pwani hatukuijua siri hii. Sarafu za Kilwa zilikuwa za shaba. Masultani waliandika upande mmoja majina yao, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, tena pande mbili zikapatana kwa vina kama ubeti. Mwaka 1944 sarafu kama hizo ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Vipande vidogo vya shaba iliyochakaa, pwani ya mbali na yetu, vikatambulikana kuwa vya Kilwa kwa kuwa viliandikwa. Bila maandishi vingekuwa takataka za pwani.

Sasa turudi Ruiru, maana huko ndiko nilikoona mfano wa kututia moyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 chulebuni uliwapiga wakulima vibaya, na gharama ya kunyunyiza dawa ikawa inawala kabla ya kahawa haijawalisha. Katika kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Ruiru wataalamu wakaanza kupandisha mbegu kwa mbegu: mkahawa wa Timor, wa Sudan, na ile SL28 ya Kenya iliyosifika kwa ladha. Maua yalichavushwa kwa mkono, na kila mti uliandikwa baba na mama yake, kama vile sisi tunavyoandika nasaba. Mwaka 1985 wakatoa mbegu inayoyahimili magonjwa yote mawili, hivyo mkulima akapunguziwa dawa ya shaba. Wakaiita Ruiru 11. Wako wanaoinung'unikia ladha yake wakiilinganisha na SL28, na mjadala huo ni wa haki. Lakini leo mnunuzi wa kahawa wa London au Tokyo akitaka kuitaja mbegu hiyo hana budi kulitamka jina la Ruiru. Kwa nini? Kwa sababu daftari liliandikwa Ruiru.

Hata hivyo, Ruiru hiyohiyo ina funzo la pili, nalo ni chungu. Mashamba ya kahawa yanakatwa viwanja. Barabara ya Thika ilipomalizika kupanuliwa mwaka 2012, nyumba ziliizidi mikahawa kwa mbio, na sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa kahawa sasa ni miji mipya. Wataalamu waliowahi kupima udongo wa mashamba ya kahawa ya Kenya walikuta shaba ya dawa imejilimbikiza katika tabaka la juu, kwani shaba haiozi wala haipeperuki. Sisemi hivyo ili kumtisha mtu. Mwili wa binadamu wenyewe unahitaji shaba kidogo. Lakini ikizidi udongoni hudhuru mizizi na nyungunyungu. Mama anayenunua kiwanja na kupanda sukumawiki nyuma ya nyumba hupewa hati yenye namba na mipaka, na hati hiyo haisemi ni miaka mingapi ardhi ile ilinyunyiziwa. Daftari la shamba lilitupwa siku shamba lilipouzwa. Hili nalo ni jiwe lisilo na kijikaratasi.

Na kwetu je? Wazee waliofanya kazi Kilindini wanakumbuka shaba ya Kilembe, Uganda, iliyoyeyushwa Jinja ikateremshwa kwa reli kupakiwa melini. Kenya nayo ilikuwa na mgodi wa shaba wa Macalder, upande wa Migori, uliofungwa katika miaka ya 1960. Kwale, uchimbaji wa mchanga wa titani ulimalizika Desemba 2024 baada ya miaka kumi na ushei, na kilima cha Mrima kinaendelea kutamaniwa kwa madini yake adimu. Sheria ya Madini ya 2016 imesema kuwa katika mrabaha, asilimia 70 iende serikali kuu, 20 kaunti na 10 kwa wananchi wa mahali. Hayo ni mambo ya fedha, na ni haki yapiganiwe. Lakini sijasikia watu wakipigania daftari kwa nguvu hizohizo: sampuli zilizotolewa, ramani zilizochorwa, majina ya vilima kama wenyeji wanavyoviita.

Maoni yangu ni mepesi, nayo hayahitaji mabilioni. Kila mgodi unaofungwa uache nakala ya kumbukumbu zake na sanduku la mawe yake katika kaunti ulimochimba, mahali mtoto wa shule anapoweza kuingia na kuona. Kila mchimbaji mdogo, awe wa Taita au wa Migori, afundishwe kuandika alipolipata jiwe na siku aliyolipata kabla ya kulitia mfukoni, kwa kuwa dalali anayemnunulia kwa bei ya kokoto huenda akaandika mwenyewe na kuuza kwa bei ya johari. Na shamba linapokatwa viwanja, historia ya dawa zake iandamane na hati. Kijana wa Thika akiona wakubwa wanaandika kweli, atakuwa na sababu ya kuandika kweli.

Kwa kuwa ukurasa huu haukatai ubeti, nami nauaga kwa huu:

Jiwe lisilo shahidi, ni kokoto la njiani,
Buluu japo izidi, ing'are kama mbinguni,
Asili haina budi, kuandikwa kwa makini,
Tusikose mashahidi, wa vyetu vya ardhini.